Tunawaombea Nini Watahiniwa?

Kabla ya mitihani ya Novemba, shule nyingi za sekondari nchini Tanzania na Kenya hutenga siku moja ya kuwaombea watahiniwa wa kidato cha nne. Wazazi hualikwa, sheikh husoma dua, padri au mchungaji huongoza sala, na mahali pengine kalamu, rula na mikebe ya hesabu huwekwa mezani ili navyo viombewe. Desturi hii imezaliwa na huruma. Watu wazima wameona kwamba watoto wanaogopa, wakawapeleka pale wanapokwenda wao wenyewe wakiogopa. Lakini lipo swali ambalo siku hiyo haliulizwi, nalo ni la kidini kabla halijawa la kielimu. Tunapomwombea mtoto anayekwenda kufanya mtihani, tunamwomba Mungu nini hasa? Na mtoto anayesikiliza dua ile anajifunza nini juu yake mwenyewe? Ninavyoamini mimi, majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kama shughuli ile itampunguzia hofu au itamwongezea. Dua inayomfundisha kwamba kufaulu ni dalili ya kupendwa na Mungu inampeleka kwenye chumba cha mtihani akiwa na mtihani wa pili, mgumu kuliko ule wa hesabu.

Tuanze na hofu yenyewe. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Liebert na Morris, waliigawa hofu ya mtihani katika sehemu mbili, na mgawanyo huo ungali unatumika. Sehemu ya kwanza ni ya mwili: moyo kwenda mbio, viganja kutoka jasho, tumbo kuvurugika, kwenda msalani kila baada ya dakika chache. Sehemu ya pili ni wasiwasi, yale maneno ambayo mtu hujiambia moyoni: nitafeli, watanicheka, baba atasema nini, maisha yangu yamekwisha. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba kinachoharibu alama zaidi ni hii ya pili. Sababu yake haina maajabu. Akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo inayoyafanyia kazi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayetafuta jibu la hesabu ndefu lazima ashike hatua ya kwanza kichwani huku anaitafuta ya pili, na maneno ya wasiwasi yanakuja kukaa kwenye nafasi hiyohiyo. Ndiyo maana mtoto hutoka chumba cha mtihani, akatembea hatua hamsini, na jibu lote likamjia. Alikuwa analijua. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha katika jarida la Science majaribio ambamo wanafunzi waliopewa kama dakika kumi za kuandika hofu zao kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao. Waliorudia majaribio ya namna hiyo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo hatuwezi kuifanya dawa ya shule zote. Hata hivyo inatuelekeza mahali pa kutazama, yaani kwenye maneno yenyewe. Na ukiyatazama maneno ya wasiwasi ya mtoto yeyote, utakuta hakuna hata moja linalohusu hesabu. Yote yanahusu mtoto huyo atakuwa nani mbele ya watu baada ya hesabu.

Kuna mwanafalsafa aliyeliona hilo karibu miaka elfu mbili iliyopita. Epictetus alikuwa mtumwa Roma, akaachwa huru, na hatimaye akafungua shule katika mji wa Nicopolis, Ugiriki. Mafundisho yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian, na katika kitabu cha pili imo sura nzima kuhusu wasiwasi. Anamtaja mwimbaji apigaye kinubi. Akiwa peke yake anaimba bila taabu. Akiingia ukumbini anatetemeka, hata kama sauti yake ni nzuri na kazi yake anaijua. Kwa nini? Kwa sababu hataki kuimba vizuri tu, anataka pia kushangiliwa, na kushangiliwa hakuko mikononi mwake. Ustadi wa kuimba anao. Ustadi wa kuimiliki mioyo ya wasikilizaji hana, wala hakuna aliye nao. Kwa kulinganisha, Epictetus anamtaja Zeno, mwasisi wa falsafa ya Wastoa, alipokuwa anakwenda kukutana na mfalme Antigonus. Zeno hakuwa na wasiwasi, maana mambo aliyoyathamini hayakuwa chini ya mamlaka ya mfalme. Aliyekuwa na wasiwasi ni mfalme, aliyetaka kumpendeza Zeno.

Uchambuzi huu ni sahihi kuliko mengi yanayosemwa leo kwenye semina za kuwatia moyo wanafunzi. Dawa yake ndiyo inayonipa shaka. Epictetus anamwambia mwanafunzi aache kutamani kisicho chake. Kwa mtu mzima aliyefunzwa miaka mingi hilo linawezekana. Lakini kwa binti wa miaka 16, ukumbi anaouogopa una mama yake, baba yake, shangazi aliyemnunulia sare, na mwalimu aliyemwambia mbele ya darasa kwamba anamtegemea. Huwezi kumwambia asijali watu hao wanamwonaje. Amejijua kuwa yeye ni mtu kwa kupitia macho yao. Thamani ya mtoto hainyakuliwi na mtoto mwenyewe kwa nguvu ya fikra, hupewa na wengine kwanza, ndipo akajifunza kuishika. Kwa hiyo kazi ambayo Wastoa wanambebesha mtoto inapaswa kubebwa na wanaomzunguka. Wao ndio wa kumwonyesha kwamba hukumu juu ya kazi yake si hukumu juu ya nafsi yake.

Na hukumu juu ya kazi yenyewe ina ukubwa gani? Chukua mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania. Alama 75 kwenda juu ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya hapo ni F. Maana yake mwenye 45 na mwenye 64, waliotofautiana kwa alama 19, wanapewa herufi moja. Mwenye 64 na mwenye 65 wanatenganishwa. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: pointi 17 ni daraja la kwanza, pointi 18 ni la pili. Mipaka hii imewekwa na watu kwa sababu zinazoeleweka, kwa kuwa lazima mstari upite mahali fulani, na watu haohao huihamisha. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na Mei 2013 Serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya. Maelfu ya vijana waliokuwa wamehesabiwa kuwa wamefeli wakajikuta wamefaulu. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale, mwandiko uleule. Kati ya Februari na Mei hakuna hata mmoja wao aliyeongezewa akili. Matokeo ya mwaka 2014 yakatolewa kwa mfumo mwingine kabisa, wa wastani wa pointi (GPA), kisha madaraja yakarudishwa. Kenya nayo iliupima utoto wa raia wake kwa alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia 1985 hadi 2023, kisha ikaamua kwamba kipimo hicho hakifai tena.

Sisemi kwamba mitihani ni uongo. Inapima kitu, na kitu hicho kina maana. Mhandisi asiyejua hesabu ni hatari kwa watakaopita juu ya daraja lake, na njia moja ya kumjua ni kumpa karatasi na muda. Ila kitu kinachopimwa ni kidogo kuliko tunavyokisema. Ni yale ambayo mtoto huyu aliweza kuyaandika asubuhi ile, juu ya maswali yale, yakasahihishwa kwa mwongozo ule na kupangwa kwa mipaka ya mwaka ule. Binadamu aliye nyuma ya karatasi hajasahihishwa. Mamlaka zenyewe zimeanza kuona hatari ya kuvichanganya vitu hivi viwili. Kenya ilitangaza kuacha kupanga shule na wanafunzi kwa nafasi mwaka 2014, na Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania likaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Mabango ya shule binafsi barabarani yanaendelea kuifanya kazi hiyo kwa niaba yao, na picha za watoto wenye pointi saba, yaani A katika masomo yote saba, huenea mitandaoni kila Januari. Mtoto wa kidato cha tatu anazitazama na kuelewa kabisa anachoambiwa.

Hapa ndipo dini ingetarajiwa kusimama upande wake. Na dini zetu mbili kubwa zina la kusema juu ya jambo hili, zimelisema waziwazi, na zimelisema kitambo. Sura ya Al-Fajr, sura ya 89 ya Kurani, inamweleza mwanadamu ambaye Mola wake akimjaribu kwa kumneemesha, husema ametukuzwa, na akimjaribu kwa kumpunguzia riziki, husema amedhalilishwa. Kisha inakanusha kwa neno kali. Hesabu hiyo si sahihi: neema haikuwa cheti cha heshima, wala dhiki haikuwa cheti cha fedheha, yote mawili yalikuwa majaribu. Kitabu cha Ayubu katika Biblia kimejengwa juu ya kosa hilohilo. Marafiki watatu wanakuja kumfariji mtu aliyepoteza kila kitu, na faraja yao inageuka mashitaka. Wanafikiri kwa mantiki rahisi kwamba Mungu ni mwenye haki, mtu huyu ameangamia, basi lazima kuna alichokosa. Mwisho wa kitabu Mungu anawakemea marafiki, na Ayubu ndiye anayeambiwa awaombee. Katika Injili kuna jambo ambalo wahubiri hulitaja lakini mara chache hulipeleka shuleni. Sauti inayotoka mbinguni pale mtoni Yordani, kumtangaza Yesu kuwa mwana apendwaye, inasikika mwanzoni kabisa, kabla hajaponya mgonjwa yeyote wala kuhubiri popote. Kupendezwa kumetangulia kazi.

Sasa linganisha mafundisho hayo na maneno yanayosikika katika baadhi ya siku za maombi. Mtoto anaambiwa kwamba Mungu wake hashindwi, na kwa hiyo yeye hatashindwa. Anaambiwa kwamba waliomdharau wataaibika matokeo yakitoka. Anaambiwa ashuhudie mapema, kwa imani, daraja atakalopata. Wanaosema hivyo wanamtakia mema, na kwa saa moja au mbili mtoto anajisikia jasiri. Lakini watoto wana mantiki, na usiku huo kitandani bwenini mantiki hiyo huendelea na kazi. Kama A ni Mungu kunikubali, basi F ni nini? Ni imani yangu ndogo, ni dhambi niliyoificha, ni mkosi wa ukoo wetu. Marafiki wa Ayubu wameshahamia bwenini kabla ya pepa ya kwanza. Yale maneno ya wasiwasi tuliyosema yanakula nafasi ya kufikiri, ambayo jana yalimhusu baba na majirani, leo yanamhusu Muumba wa mbingu na ardhi. Sioni hofu kubwa kuliko hiyo ambayo mtu mzima angeweza kumtwika mtoto, na tunamtwika tukidhani tunamtua.

Aliyeieleza vizuri zaidi njia ya kutoka hapo, kwa kadiri ninavyojua, ni Al-Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alijichunguza nia, akakuta ufundishaji wake ulikuwa unasukumwa na kutafuta jina na cheo. Akasitasita kwa karibu miezi sita, hadi siku moja ulimi wake ukafungika. Alitaka kufundisha, maneno hayakutoka. Waganga walimkatia tamaa. Sitaki kuugeuza msukosuko ule wa kiroho kuwa hofu ya mtihani, maana ulikuwa na kina kingine. Lakini mtu huyu alijua kwa mwili wake mwenyewe kwamba elimu inayofungamanishwa na macho ya watu inaweza kumkaba mwenye nayo. Katika Ihya, kitabu alichokiandika baada ya kuacha cheo kile, ametenga sehemu kubwa kueleza tawakali, yaani kumtegemea Mungu. Anaipanga katika ngazi. Ya chini kabisa ni ya mtu anayemwamini wakili wake katika kesi: amemkabidhi shauri, moyo wake umetulia, kwa kuwa anajua wakili ni mwerevu na anamjali. Na hapo Al-Ghazali anaongeza jambo la msingi. Anayemwamini wakili bado huleta hati anazotakiwa kuleta na hufika siku anayotakiwa kufika. Mwenye njaa asiyenyosha mkono kwenye mkate, akidai anamtegemea Mungu, kwake huyo hana tawakali, hajui tu jinsi Mungu alivyoupanga ulimwengu wake.

Nimeirefusha habari hii kwa sababu inajibu pingamizi la kwanza ambalo kila mwalimu atalitoa. Atasema: ukimwambia mtoto kwamba thamani yake haitegemei matokeo, atalala. Hofu ndiyo inayomwamsha saa kumi alfajiri. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mtu asiye na msukumo wowote hasomi. Lakini tuangalie ushahidi ambao watetezi wa hofu huutegemea, mara nyingi bila kujua unatoka wapi. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya visanduku viwili, wakiwapiga shoti ya umeme kila walipokosea. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali iliwafanya wajifunze haraka. Kazi ilipokuwa ngumu, shoti kali iliwavuruga, na waliojifunza vizuri ni waliopigwa shoti ndogo. Mtoto si panya na sipendi kujenga malezi juu ya panya. Hata hivyo anayesema hofu inasaidia akumbuke kwamba ushahidi wake mwenyewe unasema inasaidia kazi nyepesi. Kukariri orodha kunaweza kustahimili hofu. Kufikiri hakustahimili. Tukitaka vijana wanaokariri tuendelee kuwatisha.

Tena kuna msukumo mwingine usiohitaji tishio. Al-Ghazali hamwondolei mtu bidii, anamwondolea mzigo wa kudhani kwamba bidii yake inamiliki mwisho wa jambo. Kuamka alfajiri, kufanya maswali ya pepa zilizopita, kumfuata mwalimu kwa swali usilolielewa, hizo ndizo hati za kumpelekea wakili. Ni wajibu, na mtu anaweza kuulizwa juu yake. Mtoto ambaye hakusoma na sasa anaogopa, hofu yake inamwambia kweli, na dua haipaswi kuinyamazisha. Asome. Ninayemtetea hapa ni yule aliyesoma, ambaye hati zote amezileta, na bado mikono inamtetemeka kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kesi hii haihusu kuwepo kwake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa ni wazazi. Wanasema: maneno haya ni ya watu wenye kitu. Kwetu mtihani huo ndio mlango wenyewe. Nafasi za kidato cha tano zina idadi, Kenya mwenye chini ya C+ haingii moja kwa moja kwenye shahada, na mtoto wa mkulima hana mjomba wa kumtafutia kazi. Kumwambia matokeo si kitu ni kumdanganya. Nakubaliana nao kabisa kwamba matokeo ni kitu. Yana athari kwa kipato, kwa ndoa, kwa heshima mtaani, na mtoto anajua hivyo kuliko sisi. Lakini athari na thamani ni mambo mawili, na anayeyatenganisha ndiye anayeweza kuzikabili athari. Mtoto anayeamini kwamba kufeli kutamfanya asiwe mtu hawezi hata kuifikiria siku ya pili yake. Kwake ni giza, na giza ndilo linalotisha. Mzazi anayemwambia mwanawe kwa utulivu kwamba ikitokea hivi tutafanya vile, kwamba kuna kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ile wanayoiita kurisiti, kwamba kuna vyuo vya ufundi vya Veta, kwamba kuna fani ambazo fundi wake hakosi kazi, hajamdanganya. Amemwonyesha kwamba baada ya Januari kuna Februari. Kwa maskini mpango huo ni wa lazima kuliko kwa tajiri, kwa kuwa tajiri anaweza kuupanga hata akichelewa.

Chini ya pingamizi hili kuna jambo jingine ambalo familia nyingi haziliongelei. Mama ameuza mbuzi. Kaka ameacha shule ili mdogo wake asome. Tanzania imeondoa ada katika shule za umma hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare, chakula, hosteli na twisheni bado vinatoka mfukoni mwa mtu, na mtoto ameona vinavyotoka. Hofu yake mara nyingi ni upendo. Anaogopa kuwaangusha watu waliojinyima kwa ajili yake, na ukimwambia asiwajali atakuona huna adabu. Kwa hiyo tusimwambie hivyo. Tumwambie kwamba shukrani inalipwa kwa kazi, nayo anaifanya kila siku anapokaa kusoma. Aliyejinyima akitaka alipwe kwa daraja la kwanza, ameigeuza sadaka kuwa mkopo, na mkopo wenyewe una riba. Wazazi wengi hawataki hivyo hata kidogo. Ila hawajasema, na mtoto amejaza ukimya wao kwa maneno ya hofu.

Kuna gharama nyingine ya kuomba kufaulu tu. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ya Kenya ilizuia siku za maombi katika muhula wa tatu, pamoja na ziara za wazazi, kama sehemu ya hatua za kupambana na wizi wa mitihani. Waumini wengi waliumia, na maumivu yao naweza kuyaelewa. Lakini inafaa tujiulize kwa nini Serikali iliona kwamba mkusanyiko wa sala unaweza kuwa njia ya kupitishia wizi. Pale ambapo matokeo ndiyo kila kitu, njia ya kuyapata inakuwa jambo dogo, na mtu anaweza kumwomba Mungu asubuhi na kununua pepa mchana bila kuona mgongano. Dua inayoomba A peke yake haina cha kumwambia mwizi wa mtihani. Dua inayoomba uaminifu inacho.

Basi tuombe nini? Tuwaombee usingizi. Tuwaombee kukumbuka walichosoma, kwa kuwa ndicho walicho na haki ya kukiomba. Tuwaombee ujasiri wa kuliacha swali gumu, kwenda la pili, na kulirudia baadaye bila kubabaika. Tuwaombee wasiibe hata jirani akiinua karatasi yake. Haya yote yako karibu na mikono yao, na mtoto anayeyasikia anaondoka na kazi ya kufanya. Walimu nao waache kusoma majina ya wa mwisho mstarini. Wawape majaribio ya mara kwa mara kwa muda uleule na ukimya uleule wa mtihani halisi, ili chumba kile kisiwe kigeni siku yenyewe. Wawaeleze kwamba moyo kwenda mbio ni mwili unaojiandaa, jambo ambalo majaribio ya Jeremy Jamieson na wenzake ya mwaka 2010 yalionyesha linaweza kumsaidia mwanafunzi hata kwenye hesabu. Na mtoto ambaye halali kwa wiki kadhaa, anatapika kila asubuhi ya mtihani, au anasema afadhali afe, apelekwe kwa daktari na kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyohiyo. Asiambiwe ana pepo. Asubiri kuombewa akiwa tayari mikononi mwa wanaoweza kumtibu.

Ninyi mnaoshika kipaza sauti siku hiyo, masheikh, mapadri na wachungaji, mna nafasi ambayo mwalimu wa hesabu hana. Watoto wamekaa mbele yenu na wazazi wao wamekaa nyuma yao, wote wanawasikiliza. Mnajua kwamba kati ya waliokaa pale huenda wamo watakaofeli, maana nchini hakuna mwaka ambao wote walifaulu. Mwaka huu waombeeni hao pia. Muwaombee kwa sauti, wakiwa wameketi palepale na wenzao, na wazazi wao wakiitikia amina.